Fimbo ya Gofu: Kutoka kwa Fundi wa Pinde hadi Gereji ya Nyumbani

Tarehe 21 Septemba 1502, mweka hazina wa Mfalme James IV wa Uskoti aliandika kwenye daftari lake kwamba fundi wa pinde wa mji wa Perth amelipwa shilingi 14 kwa ajili ya fimbo. Ni mstari mmoja tu, lakini una kichekesho chake. Mwaka 1457 babu yake mfalme huyo, James II, alipiga marufuku gofu na kandanda kwa sababu vijana walikuwa wanaacha mazoezi ya upinde, na jirani wa kusini, Uingereza, hakuwa mtu wa kuaminiwa. James IV mwenyewe alilirudia katazo hilo mwaka 1491. Sasa alikuwa ananunua fimbo za mchezo uleule, tena kwa fundi ambaye riziki yake ilitegemea silaha iliyosemekana kupuuzwa kwa ajili ya mchezo huo.

Mfalme hakukosea mlango. Fundi wa pinde alijua mti upi hupinda na kurudi bila kupasuka, aukaushe kwa muda gani, na auchonge vipi kwa kufuata nyuzi zake. Fimbo ya gofu ilidai ujuzi huohuo: mpini unaolegea kidogo wakati kichwa kinakuja kwa kasi, kisha unanyooka mpira unapogongwa. Ndiyo maana mwaka 1603 James VI, aliyekuwa karibu kwenda London kutawazwa mfalme wa Uingereza, alimteua William Mayne wa Edinburgh kuwa fundi wake wa pinde, mikuki na fimbo za gofu kwa muda wote wa uhai wake. Mtu mmoja, benchi moja, kazi tatu.

Leo mwalimu wa shule, dereva wa lori au mhasibu anaweza kukaa kwenye gereji yake Jumamosi asubuhi na kutoka na fimbo inayomfaa kuliko ile ambayo James IV angeweza kununua kwa hazina yake yote. Historia inayosimuliwa hapa ni ya namna ujuzi huo ulivyotoka mikononi mwa mafundi wachache ukaingia majumbani. Ajabu yake ni kwamba aliyeutoa kwa mafundi ni kiwanda, kilekile ambacho wengi waliamini kimekuja kuuzika.

Fimbo za enzi za Mayne karibu zote zimepotea. Kati ya zile kongwe zinazojulikana, nane zilikutwa mwishoni mwa karne ya 19 ndani ya kabati lililozibwa kwenye nyumba moja mjini Hull, Uingereza. Sita zilikuwa na vichwa vya mbao na mbili vya chuma, na pamoja nazo kulikuwa na gazeti la mwaka 1741. Ukiziangalia unaona jinsi mchezo ulivyokuwa: vichwa vya mbao ni virefu na vyembamba, na vya chuma ni vizito kana kwamba vilikusudiwa kufukua mawe. Mpira wa wakati huo ulikuwa mfuko mdogo wa ngozi ulioshindiliwa manyoya ya ndege yaliyochemshwa. Pigo moja baya la chuma liliupasua, na mpira mmoja ulikuwa ghali kuliko fimbo nyingi. Kwa hiyo mbao zilifanya karibu kazi yote, na chuma kilitolewa mpira ukiwa umenaswa pabaya.

Kuelewa kwa nini fimbo nzuri haikuweza kutengenezwa nyumbani, inafaa kusimama kidogo kwenye benchi la Hugh Philp. Mwaka 1819 chama cha wanagofu wa St Andrews, kile ambacho baadaye kiliitwa Royal and Ancient, kilimteua kuwa fundi wake, na kazi hiyo aliifanya hadi alipofariki mwaka 1856. Kichwa alikichonga kutoka kwenye mti mgumu kama mpea, mtofaa au mti wa miiba, akitafuta kipande ambacho nyuzi zake zilijikunja zenyewe ili shingo isikatike. Nyuma ya kichwa alichimba shimo akamimina risasi iliyoyeyushwa. Ukingo wa chini wa mbele aliupachika kipande cha pembe ya kondoo dume ili usiliwe na mchanga na mawe.

Kiungo ndicho kilichomtofautisha fundi na mbahatishaji. Shingo ya kichwa na ncha ya mpini vilikatwa kwa mshazari mrefu, vikalazwa kimoja juu ya kingine, vikapakwa gundi na kuzungushiwa uzi wenye lami, mzunguko baada ya mzunguko. Mshazari ukikosewa kidogo tu, uso wa fimbo hutazama pembeni maisha yake yote. Mpini ulikuwa wa mti wa ash au miti mingine ya karibu, mpaka hikori ya Marekani ilipoanza kufika kwa meli na kuishinda yote, kwa kuwa inapinda bila kujisokota sana. Juu, pale pa kushika, paliviringishwa vitambaa vya sufu, kisha ngozi.

Hakuna hata hatua moja hapo iliyoandikwa kwa namba. Philp hakuwa na jedwali la pembe wala mizani ya kupimia mizunguko. Alimtazama mteja akitembea, akashika mpini, akautikisa, akaukwangua kidogo, akautikisa tena. Ujuzi wote ulikaa kwenye kifundo cha mkono wake. Njia pekee ya kuupata ilikuwa kukaa miaka kwenye karakana kama ile, na ndivyo ulivyopita kwa jamaa yake Robert Forgan, aliyeirithi kazi. Vichwa alivyochonga Philp baadaye vilitafutwa na kutunzwa kwa fahari, na hata vya kughushi vikaingia sokoni.

Mwaka 1848 ulileta mpira mwingine. Ulitokana na gutaperka, utomvu wa miti ya rasi ya Malay, ambao wakati huo ulikuwa umeanza pia kuvishwa nyaya za simu za maandishi za chini ya bahari. Ulilainishwa kwenye maji ya moto, ukaviringishwa, ukapoa ukawa mgumu. Uligharimu sehemu ndogo tu ya bei ya mpira wa manyoya, kwa hiyo wachezaji waliongezeka. Lakini ugumu wake ulivipasua vile vichwa vyembamba vya mbao. Mafundi wakafupisha vichwa, wakavinenepesha, na wengine wakapachika kipande cha ngozi usoni. Na kwa kuwa sasa chuma hakikuuharibu mpira, wahunzi wakapata soko. Mjini St Andrews, Tom Stewart alifua vichwa vya chuma vyenye chapa ya kiko, na watengenezaji wengine wakavinunua kwake ili kuvitia mipini yao.

Tazama mabadiliko yaliyofichika hapo. Kichwa sasa kilitoka kwa mtu mmoja na mpini kwa mwingine. Badala ya ule mshazari wa Philp, shingo ya chuma ilikuwa na tundu. Mpini uliingizwa, ukapigwa msumari mdogo wa kupita. Fimbo ilikuwa imeanza kugawanyika vipande, na kitu kilichogawanyika vipande kinaweza kuunganishwa na mtu mwingine.

Hata hivyo mkono uliendelea kutawala kwa miongo mingine kadhaa. Bobby Jones wa Atlanta, ambaye mwaka 1930 alishinda mashindano yote manne makubwa ya wakati wake, alicheza kwa mipini ya hikori hadi alipostaafu mwaka huohuo. Alizichagua fimbo zake moja moja kwa miaka, akizishika na kuzitikisa. Husimuliwa kwamba baadaye zilipopimwa kwa mizani, karibu zote zilikubaliana, isipokuwa moja ambayo mwenyewe alikiri kwamba ilimsumbua siku zote. Kama ilivyo kwa visa vingi vya magwiji, hiki nacho huenda kimepambwa njiani, lakini kinaonyesha vizuri swali lililokuwa hewani: je, kile ambacho mkono wa Jones ulikijua kinaweza kuandikwa?

Jibu lilitoka kwenye chuma cha pua. Hikori nzuri ilikuwa inaadimika, na kila mpini ulikuwa na tabia yake. Kiwanda hakipendi tabia. Mabomba membamba ya chuma yaliweza kutoka kwa maelfu yakiwa yanafanana. Chama cha gofu cha Marekani kiliyaruhusu mwaka 1924, na Royal and Ancient ikafuata mwaka 1929. Mwaka 1931 Billy Burke akawa mtu wa kwanza kushinda US Open kwa mipini ya chuma. Baada ya hapo majina ya zamani ya fimbo, kama mashie na niblick, yakapisha namba kuanzia moja hadi tisa. Fimbo zikauzwa kwa seti, na wachezaji wakaanza kubeba nyingi kupita kiasi, wengine zaidi ya 20, hadi Wamarekani walipoweka kikomo cha fimbo 14 mwaka 1938 na Waskoti wakakifuata mwaka 1939.

Wapo waliosikitika. Kwao fimbo ilikuwa imegeuka bidhaa ya rafu, iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu wa wastani ambaye hayupo popote. Masikitiko hayo yalikuwa na haki yake, lakini yalipitwa na jambo moja. Ili kiwanda kitengeneze vitu vinavyofanana, lazima kwanza kivipime. Na kipimo kikishaandikwa, si siri tena.

Kipimo kilichofungua mlango kilibuniwa na Robert Adams wa jimbo la Massachusetts katika miaka ya 1920. Alitaka kueleza kwa nini fimbo mbili zenye uzito sawa mkononi zinaweza kuhisika tofauti kabisa zikizungushwa. Alitengeneza mizani ambayo fimbo hulazwa juu ya egemeo lililo inchi 14 kutoka mwisho wa mshikio, kisha ikapimwa jinsi kichwa kinavyovuta kwenda chini. Matokeo yaliandikwa kwa herufi na namba, kuanzia A0 kwenda juu. Fimbo nyingi za wanaume zikatua karibu na D0 hadi D2, na za wanawake kwenye ngazi ya C. Mizani hiyo haielezi kila kitu. Inalinganisha mvuto wa kichwa, haielezi mpini unavyopinda. Lakini kwa mara ya kwanza mtu aliyekuwa na fimbo anayoipenda aliweza kuipima, kuandika D1 kwenye karatasi, na kuitengeneza nyingine iwe hivyo.

Wachezaji wa kulipwa waliichangamkia kazi hii kwa mikono yao wenyewe. Arnold Palmer, mtoto wa mtunza uwanja wa Latrobe, Pennsylvania, alikuwa na karakana nyumbani iliyojaa fimbo, na alijulikana kwa kutumia saa nyingi humo akisaga, akipinda na kuviringisha mishikio upya. Ila mtu aliyeigeuza kazi ya gereji kuwa historia hakuwa mchezaji hodari hata kidogo.

Karsten Solheim alizaliwa Bergen, Norway, mwaka 1911, akapelekwa Seattle, Marekani, angali mdogo. Baba yake alikuwa fundi viatu, na kijana alikulia kwenye benchi hilo, kwenye ngozi, nyundo na miguu ya watu isiyofanana. Alianza Chuo Kikuu cha Washington, fedha zikamwishia, akarudi kwenye viatu. Aliwahi pia kuuza vyombo vya kupikia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliingia kwenye kiwanda cha ndege mjini San Diego na kujifunza uhandisi kwa kozi za ziada. Mwaka 1953 akaajiriwa na General Electric mjini Ithaca, New York. Wafanyakazi wenzake huko ndio waliomvuta uwanjani, naye alikuwa na umri wa miaka 42.

Mapigo marefu aliyamudu kiasi. Kilichomtesa ni ile fimbo fupi ya kusukumia mpira shimoni. Waswahili wana neno kwa watu wa namna yake: mchagua jembe si mkulima. Solheim alikuwa mhandisi, akakataa kujilaumu kabla ya kulikagua jembe. Aliona kwamba uzito wa fimbo zile ulikuwa umerundikana katikati ya kichwa. Mpira ukigongwa sentimita moja tu nje ya kitovu, kichwa kilijisokota na mpira ukapotea njia. Mchukuzi anayebeba maji kwa mzega, ndoo moja mbele na nyingine nyuma, anajua kwamba si rahisi kugeuka ghafla. Angekumbatia ndoo zote mbili kifuani, angezunguka bila shida. Solheim alitaka kichwa kinachokataa kuzunguka, kwa hiyo aliuhamisha uzito kutoka katikati akaupeleka kwenye ncha mbili, kisiginoni na kidoleni. Mfano wake wa mwanzo ulikuwa wa donge za sukari zilizobandikwa kwenye vijiti vya aiskrimu.

Mwaka 1959, akiwa amehamishiwa California, alitengeneza fimbo hiyo kwenye gereji ya nyumba yake huko Redwood City. Kichwa chake kilikuwa na uwazi, na kilipogonga mpira kilitoa mlio mkali kama wa kengele ndogo. Mlio huo ukawa jina la biashara: Ping. Familia nzima iliingia kazini. Mkewe Louise alishika hesabu na barua, na mwanawe John, bado mvulana, alisaidia kazi ya vichwa. Mchana Solheim alikwenda General Electric, usiku alirudi kwenye tupa na mashine ya kutobolea. Wikiendi alisafiri kwenye mashindano na kusimama kando ya viwanja vya mazoezi, akiwaonyesha mabingwa kitu ambacho wengi wao walikiona kama kipande cha mabomba ya maji. Mwaka 1962 John Barnum alishinda mashindano ya Cajun Classic kwa fimbo ya Solheim, na kicheko kikapungua.

Mwanzoni mwa 1966 Solheim alichora wazo jipya kwenye bahasha ya sahani ya santuri iliyokuwa karibu naye. Kichwa chake kilikuwa na visanduku viwili vya uzito, kisiginoni na kidoleni, na mpini ulioingia mbele kidogo ya uso. Aliiita Anser. Mwaka 1967 Julius Boros alishinda nayo Phoenix Open, na mwaka huohuo Solheim akaacha kazi ya mshahara. Miaka miwili baadaye George Archer alishinda Masters akiwa nayo mkononi. Haki ya ubunifu ilipoisha muda, karibu kila kampuni ilitoa fimbo yenye umbo hilo, na hata leo ukipita duka lolote la gofu utaikuta ikiwa na chapa za watu wengine.

Alipogeukia fimbo za chuma za kupigia mbali, alitumia wazo lilelile. Kufua chuma kwa nyundo hakukumruhusu kuchimba nyuma ya kichwa kwa kina alichotaka, akachukua njia ya kumimina. Mfano wa nta huvikwa tabaka za udongo maalumu, nta ikayeyushwa na kutolewa, kisha chuma kikamiminwa mahali pake. Nyuma ya kichwa pakawa na shimo, na uzito ukabaki kingoni. Kwa kuwa watu hawana urefu sawa wa mikono wala mkao mmoja, akaweka kitone cha rangi kwenye kila kichwa kuonyesha shingo yake imeinamishwa kiasi gani. Cheusi ni cha kawaida, chekundu ni kwa anayehitaji fimbo iliyolala zaidi, cha buluu ni kwa anayetaka iliyosimama. Mtoto wa fundi viatu alikuwa amerudi kwenye kupima mguu kabla ya kukata soli.

Miaka ya 1980 mifereji ya nyuso za fimbo zake za Eye2 ilileta ugomvi na vyombo vya gofu, ukafika mahakamani. Kesi ilihusu umbali kati ya mfereji na mfereji, vipimo ambavyo jicho haliwezi kuvitofautisha. Maelewano na chama cha Marekani yalipatikana mwaka 1990, na waandaaji wa mashindano ya kulipwa wakamaliza nao mwaka 1993. Solheim alifariki mwaka 2000.

Gereji za watu wengine, muda mrefu kabla ya hapo, zilikuwa zimeanza kupata vifaa. Mwaka 1974 Ralph Maltby alichapisha kitabu kinene kuhusu usanifu, upimaji na ukarabati wa fimbo, kikieleza hatua kwa hatua yale ambayo karakana za zamani zilikuwa zikiyarithisha kimyakimya. Biashara yake mjini Newark, Ohio, iliuza vichwa, mipini, mishikio na zana kwa njia ya posta, na mji huo mdogo ukawa kitovu cha wauza vipuri. Mtu aliyeishi mbali na duka lolote aliweza kujaza fomu na kupokea seti nzima ikiwa vipande vipande.

Teknolojia nayo ilimfungulia njia mjenzi huyo wa gereji. Mpaka miaka ya 1970 fimbo ya pigo la kwanza ilikuwa bado na kichwa cha mbao, kwa kawaida mti wa pasimoni, na kukitengeneza kulidai useremala wa kweli. Mwaka 1979 Gary Adams alianzisha TaylorMade kwa kichwa cha chuma kilicho wazi ndani. Watu walimcheka pia, lakini taratibu mbao zikaondoka. Pamoja nazo yaliondoka makwanguo, varnishi na nyuzi za kuzungushia. Mipini ya nyuzi za kaboni, iliyoanza kuonekana karibu na mwaka 1970, ikapunguza uzito hadi karibu nusu ya chuma. Na gundi ya epoksi ikachukua nafasi ya msumari.

Kuna tofauti moja ndogo inayofumbua yote haya. Viwanda vikubwa kwa miaka mingi vilitumia mipini ya chuma yenye ncha iliyochongoka kidogo, milimita 9 kwenye ncha, na kila namba ya fimbo ilikuwa na mpini wake. Kwa wajenzi wa nyumbani ilitengenezwa mipini ambayo sehemu yake ya chini ni silinda iliyonyooka ya milimita 9.4. Mpini mmoja wa namna hiyo hufaa fimbo yoyote; anayeutumia hukata kiasi fulani kwenye ncha na kiasi kingine juu, kwa kufuata jedwali. Akikata zaidi chini, mpini unakakamaa. Kile ambacho Philp alikikwangua kwa kuhisi, sasa kinakatwa kwa kusoma.

Kazi yenyewe inahitaji zana chache. Jiliwa hukamata mpini, ukizungushiwa kipande cha mpira usikwaruzwe. Msumeno wa chuma hukata wa chuma cha pua. Wa kaboni hukatwa taratibu kwa diski ya kusaga ili nyuzi zisichanuke. Ncha husuguliwa kwa msasa, tundu la shingo husafishwa, pete ndogo ya plastiki hutangulia kwenye mpini, epoksi hupakwa pande zote mbili, na kichwa husukumwa huku kikizungushwa ili hewa itoke. Kisha fimbo huachwa usiku kucha. Anayefanya haraka hapo hujikuta uwanjani akitazama kichwa kikiruka mbali kuliko mpira. Mwisho ni mshikio: mkanda wa gundi wa pande mbili, kiyeyusho cha kuulainisha, na mshikio wa mpira unaovutwa kwa pigo moja kabla ya kiyeyusho kukauka.

Hapo ndipo namba za Robert Adams, yule wa mizani, zinapokuwa msaada wa kila siku. Gramu 2 zikiongezwa kichwani, kwa mfano utepe wa risasi uliobandikwa nyuma, kipimo hupanda kwa ngazi moja, tuseme kutoka D1 hadi D2. Nusu inchi ya urefu hupandisha ngazi tatu hivi. Mshikio mzito kwa gramu 4 au 5 hushusha ngazi moja. Mjenzi akijua hayo matatu, anaweza kuirefusha fimbo kwa ajili ya mtu mrefu, akaona kichwa kimekuwa kizito, akakipunguza kwa kusaga au kwa kuchagua mpini mwepesi. Pembe ya shingo hurekebishwa kwa chombo cha kukunjia. Chuma kilichofuliwa hukubali digrii moja au mbili bila kinyongo, kilichomiminwa hukataa mapema na huweza kukatika.

Mchezo huu ulipofika Afrika Mashariki pamoja na utawala wa Waingereza, Entebbe mwaka 1901 na Nairobi mwaka 1906, fimbo zilikuja zikiwa zimekamilika ndani ya masanduku ya meli. Lakini mmoja wa watu mashuhuri waliotengeneza fimbo zao wenyewe alipita Nairobi na kuondoka na kombe. Seve Ballesteros alizaliwa mwaka 1957 Pedreña, kijiji cha pwani ya kaskazini ya Hispania. Akiwa mtoto alipata kichwa kikuukuu cha fimbo namba tatu, akachomeka fimbo za miti kwenye tundu la shingo, na kupiga kokoto ufukweni. Mti ulipovunjika alitafuta mwingine. Baadaye kaka yake Manuel alimpa namba tatu kamili, na kwa fimbo hiyo moja alijifunza mapigo ambayo wengine huyagawa kwa fimbo kumi. Mwaka 1978 alishinda Kenya Open, na mwaka uliofuata The Open ya Uingereza. Wapenzi wa ile methali ya mchagua jembe wana shahidi wao hapo, ingawa inafaa kukumbuka kwamba kijana huyo alikuwa amelitia jembe lake mpini mwenyewe.

Shahidi wa upande wa pili ni Bryson DeChambeau wa California. Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 17, yeye na mwalimu wake Mike Schy waliamua kujaribu wazo ambalo viwanda viliwahi kuligusa na kuliacha: fimbo zote za chuma ziwe na urefu mmoja. Kwa kawaida kila fimbo huwa fupi kuliko iliyoitangulia kwa nusu inchi, na kichwa chake kizito zaidi ili kufidia. Wao walivifanya vichwa vyote viwe na uzito mmoja, karibu gramu 280, na kila mpini wakaukata ili fimbo iwe na inchi 37.5. Kilichobaki tofauti ni pembe ya uso tu. Mchezaji aliweza kusimama na kupunga kwa namna ileile kwa kila fimbo. DeChambeau alishinda ubingwa wa vyuo na US Amateur mwaka 2015, kisha US Open mwaka 2020 na tena mwaka 2024. Kampuni kubwa zikaanza kuuza seti za namna hiyo. Njia ilikuwa ileile ya Redwood City: gereji kwanza, kiwanda baadaye.

Sheria za gofu hazimbagui mjenzi wa nyumbani. Fimbo haipaswi kuwa fupi kuliko inchi 18, wala ndefu kuliko inchi 48 isipokuwa ya kusukumia. Kichwa cha fimbo kubwa kisizidi sentimita za ujazo 460. Tangu mwaka 2008 sheria zimeruhusu pia shingo zinazorekebishwa kwa bisibisi, jambo ambalo limemwezesha hata asiye na jiliwa kugeuza pembe ya fimbo yake sebuleni, mradi asifanye hivyo katikati ya mchezo.

Wengi huanza kazi hii wakidhani watapata umbali zaidi au watabana matumizi. Umbali huja kidogo, na akiba humezwa na zana. Wanachobaki nacho ni uwezo wa kuuliza swali kwa mpangilio. Mpira ukienda kushoto kila mara, mjenzi hukagua pembe ya shingo, kisha uzito wa kichwa, kisha ugumu wa mpini, akibadilisha kimoja kimoja na kuandika. Na akishavimaliza vyote vitatu, mpira ukiwa bado unakwenda kushoto, anajua kwamba kilichobaki kurekebishwa hakifungwi kwenye jiliwa.